Benchi Mbele ya Saluni

Kioo cha gari kiligongwa mara ya tatu, na mzee hakugeuka.

"Amekufa," alisema mtu nyuma ya umati.

"Nyamaza wewe!"

"Nakwambia amekufa. Mtazame mdomo."

Hapo ndipo tulipoachana, msomaji, na najua wengine mmenilaani wiki nzima. Kama gazeti lililopita lilifungiwa sabuni dukani kabla hujalisoma, shika haya upesi. Mtaa umepasuka vipande viwili kwa sababu ya upande mmoja wa barabara. Wengine wanataka magari yaendelee kuegeshwa pale. Wengine wanataka yaondolewe, pawekwe mabenchi, meza na miavuli, watu wakae bure. Msusi mwenye saluni anataka mabenchi. Jirani yake mfamasia, mwenye duka la dawa, anataka maegesho. Mkutano umepiga kura, kura zimefungana, na mkazi mmoja tu hajapiga yake. Ni Mzee Teksi, baba mkwe wa msusi, ambaye hushinda kutwa ndani ya teksi yake mbovu, mbele ya saluni hiyo hiyo. Basi mkutano mzima ukatoka ukumbini, ukamfuata.

Msusi alibandika kiganja kwenye kioo. Kama mzee amekufa, gari litaondoka hata bila kura. Wazo hilo lilimpita kichwani na, Mungu amsamehe, halikumuudhi.

Mzee akafumbua jicho moja.

"Poleni," alisema, akishusha kioo. "Mlishaanza kugawana viatu vyangu?"

Umati ukaangua kicheko. Msusi hakucheka.

Mfamasia alikuwa wa kwanza kujipenyeza mpaka dirishani. Siku zote humpita mzee huyu kama anavyopita nguzo ya umeme. Leo aliinama mpaka tai yake ikafagia mlango.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Leo umeniona?"

"Nakuona kila siku, mzee wangu! Sasa sikiliza. Hawa wanataka kukunyang'anya gari lako. Sema neno moja tu, maegesho, na mimi nitakulinda kama baba yangu mzazi."

"Baba yako mzazi yuko wapi?"

Mfamasia akakohoa. Mtaa mzima ulijua aliko. Alimpeleka kwenye nyumba ya kulelea wazee nje ya mji, akaahidi kwenda kumwona kila Jumapili, na Jumapili zikawa zinampita akiwa amelala.

"Baba, achana naye," msusi alimsukuma mfamasia kwa bega. "Huyu anatafuta pa kuegesha wateja wake, basi. Mimi nimesimama mbele ya watu nikasema wazee wetu hawana pa kukaa. Si nimesema?"

"Umesema!" waliitikia watu wa upande wake.

"Nimesema benchi la mbele ya saluni yangu litakuwa la wazee. Akae mzee yeyote, saa yoyote, asiulizwe na mtu. Si nimesema?"

"Umesema!"

Mzee Teksi alimtazama mkwe wake, akatazama usukani.

"Na gari langu?"

"Litaondoka, baba. Bovu hilo."

"Na mimi?"

"Si utakuwa na benchi?"

"Nikitaka kuingia ndani je?"

Mwenyekiti wa mtaa, mtu mnene aliyekuwa ameshika karatasi za kura, akainua nyusi. "Kwani mzee haingii ndani ya nyumba?"

Watu wakaanza kunong'onezana. Msusi aliisikia minong'ono ile, akaona ushindi unamponyoka kama sabuni bafuni. Na mwanamke huyu akibanwa hatafuti mlango wa kutokea. Anatafuta kisu.

Akafungua mlango wa nyuma wa teksi.

"Mnataka kujua mnamtetea nani? Haya, mjueni!"

Akavuta blanketi, akalitupa kwenye lami. Akavuta taulo. Akavuta nguo ya ndani iliyokuwa imeanikwa kwenye mgongo wa kiti, akaipeperusha kama bendera. Kisha akainama chini ya kiti, akainuka na chupa ya plastiki, ameishika shingo kwa vidole viwili. Ilikuwa imejaa nusu.

"Mzee mzima anakojoa kwenye chupa! Mbele ya biashara ya watu! Wateja wangu wanapita hapa na watoto wao! Huyu ndiye mnayetaka kumwachia barabara?"

Kicheko kililipuka kama tairi. Mtu akatoa simu na kupiga picha. Hata mfamasia alijisahau akacheka, kisha akajifanya anafuta jasho.

Mzee hakunyanyua mikono kujificha uso. Alingoja kicheko kiishe.

"Mwanangu," aliita. "Njoo hapa."

Mume wa msusi alikuwa amejibanza nyuma ya mwenyekiti. Kazi yake ni kutengeneza friji, mtaa unamwita Fundi Friji, na wanaomjua wanasema jina lile halitokani na kazi. Akasogea.

"Waambie chupa ile aliniletea nani."

Fundi Friji akakuna shingo.

"Waambie nyumba yako inafungwa asubuhi na nani, na ufunguo unashinda wapi."

Ufunguo ulikuwa mahali pake pa kila siku, ndani ya mfuko wa aproni ya msusi, pamoja na vitana. Akifungua saluni, anafunga nyumba. Hataki mzee aingie na kutoka, aguse vitu vyake, amwage maji sebuleni. Chupa ile aliileta Fundi Friji mwenyewe, aliiosha kwa maji ya moto, akaipitisha dirishani akiwa ameangalia pembeni. Alijua. Mkewe alijua kwamba anajua.

Msusi alimkazia mumewe macho.

"Baba umezeeka," alisema Fundi Friji. "Siku hizi unachanganya mambo."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Mzee Teksi alitikisa kichwa polepole, kama dereva aliyetajiwa na abiria mtaa wa mbali. Akapandisha kioo mpaka nusu.

"Mwenyekiti, andika. Mabenchi."

"Mzee, una hakika?"

"Mkwe wangu amesema ni ya wazee. Mimi ni mzee. Andika."

Shangwe! Msusi akarushwa juu na wanawake wa saluni. Mfamasia akanyooka, akaiweka sawa tai yake, na upole wote ukamtoka usoni kana kwamba umefutwa kwa kitambaa.

"Mzee mpumbavu," alisema karibu na dirisha, kwa sauti ambayo mzee peke yake aliisikia. "Ndiyo maana wanakufungia nje kama paka."

* * *

Mtu wa kuridhika angeishia hapo. Msusi hajaumbwa hivyo.

Jumamosi iliyofuata Fundi Friji alimwamsha baba yake pale kwenye kochi analolalia, kwa sauti ya upole ambayo mzee hakuwa ameisikia tangu mwanawe aoe.

"Baba, vaa shati zuri. Twende tukanywe chai, mimi na wewe."

"Mimi na wewe?"

"Mimi na wewe tu."

Mzee alinyoa ndevu kwa haraka mpaka akajikata kidevuni. Alivaa shati la bluu, lile la kazi lenye kola ngumu. Njiani alisalimia kila mtu, na kila aliyemsalimia alimwambia, bila kuulizwa, "Naenda kunywa chai na mwanangu."

Hotelini walikaa karibu na dirisha. Mzee aliuliza habari za kazi, akaambiwa nzuri. Aliuliza kama mgongo bado unamsumbua kwa kubeba friji, akaambiwa kidogo. Fundi Friji alikuwa ameiweka simu mezani, macho yake hayabanduki.

"Unakumbuka nilivyokuwa nakupeleka shule?" mzee aliuliza. "Nilikuwa nakukalisha mbele. Abiria akipanda analalamika, nasema, panda nyuma, huyu ndiye bosi. Wewe ulikuwa unapenda honi. Unaipiga mpaka..."

Simu ikalia.

"Tayari?" alisema Fundi Friji kwenye simu. "Limeshapakiwa? Haya." Akakata. "Baba, twende nyumbani."

"Chai yangu bado imejaa."

"Twende, baba."

Mbele ya saluni palikuwa na doa la mafuta na majani makavu yaliyokuwa yamekusanyika chini ya gari kwa miaka. Gari lenyewe halikuwapo. Gari la kuvuta lilikuwa limelibeba, likalipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Mzee alisimama pembeni ya doa lile. Hakulikanyaga.

"Redio yangu ilikuwa ndani," alisema.

"Imekwenda na gari," msusi alijibu kutoka mlangoni, akifuta mikono.

"Na blanketi?"

"Lilikuwa linanuka, baba."

Mzee akamgeukia mwanawe. Fundi Friji alikuwa ameshaanza kuangalia viatu vyake.

"Chai ilikuwa nzuri," mzee alimwambia. "Ahsante."

Kisha akaenda kukaa kwenye ngazi ya nyumba, hatua chache kutoka saluni, kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa.

* * *

Mabenchi yalikuja na mafundi wenye kelele. Yalichimbiwa kwenye lami, yakapakwa rangi nyeupe, yakapangwa kuyatazama maduka ili watu wayape mgongo magari. Masanduku ya maua yakawekwa. Miavuli ikafunguliwa. Mfamasia akafunga nusu ya mlango wake kwa hasira.

Siku ya uzinduzi mwenyekiti alikata utepe, na mpiga picha wa gazeti fulani akaomba picha ya mama aliyepigania wazee.

"Na mzee mmoja," aliongeza. "Akae katikati."

Msusi akatazama huku na huku. Mzee aliyekuwa karibu alikuwa mmoja tu, pale ngazini.

"Baba!" aliita, na meno yote nje. "Njoo ukae hapa upigwe picha, baba yangu!"

Mzee Teksi akaja. Akakaa. Msusi akamkumbatia mabega, akaegemeza shavu lake kwenye upara wake. Picha ikapigwa. Makofi yakapigwa. Mwenyekiti akaenda zake, mpiga picha akaenda zake, watu wakatawanyika.

Mzee hakunyanyuka.

Msusi aliingia saluni, akaosha kichwa cha mteja, akakisuka, akamaliza. Alipoinua macho, mzee alikuwa pale pale, ng'ambo ya kioo, mikono juu ya magoti. Anatazama ndani.

Kesho yake akaja tena. Na siku iliyofuata. Hakununa, hakuomba, hakuongea na mtu asiyemsemesha. Alikaa tu, ameelekeza uso wake saluni kama mtu aliye mbele ya televisheni.

"Huyo babu ni nani?" aliuliza mteja mmoja chini ya draya. "Ananitazama."

"Hatazami kitu. Ni uzee."

"Amenitabasamia."

"Uzee huo."

Yule mteja alikuwa mdadisi. Alipotoka, nywele bado zina moto, alipita benchini.

"Shikamoo babu. Unamngoja mtu?"

"Marahaba mjukuu wangu. Namngoja mkwe wangu afunge saluni."

"Mna safari?"

"Hapana. Akifunga ndipo anafungua nyumba, na mimi naingia."

"Kwani ufunguo huna?"

"Anao yeye, kwenye aproni. Hajambo lakini. Ana kazi nyingi."

Hakutia chumvi. Hakupandisha sauti. Aliyeuliza alijibiwa, na kila aliyejibiwa aligeuka, akamtazama msusi kupitia kioo, akaenda kumsimulia mwenzake. Kabla mwezi haujaandama, viti viwili vya saluni vilikuwa vinakaliwa na magazeti.

Msusi akamkimbilia mwenyekiti.

"Mwondoe yule mzee pale."

"Benchi la umma, dada yangu."

"Ananifukuzia wateja!"

"Anafanya nini?"

"Anakaa!"

Mwenyekiti alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka shati likafunguka kifungo. "Mzee yeyote, saa yoyote, asiulizwe na mtu. Si ulisema?"

Msusi akarudi amevimba. Jioni ile alijikaza kisabuni, akaenda mpaka benchini, akautoa ufunguo kwenye aproni na kumwekea mzee kiganjani.

"Baba, yaishe. Shika. Ingia ndani, ujipikie chai, ulale hata kitandani kwangu mchana. Ila hapa uondoke."

Mzee aliupima ufunguo kwa mkono, akaurudisha.

"Ahsante mkwe wangu. Hapa pana hewa."

Msomaji, nakuomba umtazame vizuri hapo alipo. Tumemzoea akionewa. Lakini aliporudisha ule ufunguo alitabasamu, na tabasamu lile halikuwa la mtu anayeonewa. Alikuwa ameonja kitu, na kilikuwa kitamu.

Fundi Friji naye alitumwa.

"Baba, unatuaibisha."

"Kweli?"

"Mke wangu halali. Analia."

"Masikini."

"Baba, mimi ni mwanao!"

Mzee alimtazama kwa muda, kama anayejaribu kukumbuka sura.

"Unajua nimezeeka," alisema. "Siku hizi nachanganya mambo."

* * *

Kilichovunja kabisa roho ya msusi ni bibi harusi. Alikuwa ameweka miadi yeye, mama yake, shangazi zake na wasimamizi wake wote, saluni nzima siku nzima. Walifika wakicheka. Mama wa bibi harusi akachelewa nje kidogo, akamwamkia mzee aliyekuwa benchini, wakaongea maneno machache. Akaingia. Hakukaa.

"Nyanyukeni," aliwaambia wenzake.

"Mama, kuna nini?"

"Mwanangu hasukwi na mikono inayomfungia mzazi nje. Siku ya ndoa yake? Nyanyukeni!"

Walihamia saluni ya kona. Kicheko chao kilisikika barabara nzima, na mzee akawapungia mkono.

Msusi alibaki peke yake katikati ya viti vitupu. Hakulia, ingawa mumewe alidai hulia. Alikwenda rafuni, akashusha kopo la dawa ya kulainisha nywele, lile kubwa, lenye nguvu kuliko yote. Kila msusi anaijua dawa hii. Ikikaa kichwani kupita muda wake hailainishi tena. Inachoma. Inachubua ngozi mpaka nyama.

Ilikuwa nyeupe. Na benchi lilikuwa jeupe.

Asubuhi, kabla mtaa haujachangamka, alivaa glavu na kutoka na kopo na brashi. Akapaka ubao wa kukalia, mwanzo hadi mwisho, taratibu, akisawazisha kingo kama anavyosawazisha nywele za paji la uso la mteja. Suruali za mzee zilikuwa zimechakaa, nyepesi kama karatasi. Hatakufa, msusi alijiambia. Atakaa ndani wiki chache, alale kifudifudi, asahau njia ya benchi. Basi.

Alipogeuka, mumewe alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa spana begani.

Fundi Friji aliliona kopo. Akaiona brashi. Akaliona benchi linavyong'aa.

"Unapaka rangi?" aliuliza.

"Napaka rangi."

Nyuma ya benchi palipita gari moja, kisha jingine.

"Haya," alisema Fundi Friji, akaenda kazini.

* * *

Mteja wa kwanza siku ile alikuwa mwalimu, mmoja wa wachache waliobaki. Alitaka nywele zilainishwe. Msusi alimpaka dawa kichwa kizima, akiwa na jicho moja kwenye kioo cha mbele, na mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ilivyokuwa kwa muda mrefu. Hata aliimba kidogo.

Mzee Teksi akatokea. Alikuwa amevaa lile shati la bluu. Akaja mpaka kwenye benchi, akasimama.

"Kaa," msusi alisema kimoyomoyo. "Kaa, baba."

Mzee hakukaa. Alikuwa anatazama mwisho wa barabara, ameweka mkono juu ya macho kukinga jua. Kisha akainua mkono ule na kusalimia mtu.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye begi la safari na gauni jembamba la maua, anatembea kwa kuchechemea kidogo kama aliyeshuka kwenye basi la mbali. Msusi alilijua lile gauni. Alilishonesha kwa pesa yake mwenyewe, akalituma nyumbani kwa zawadi. Alimjua na aliyelivaa. Ni msusi mwenyewe aliyempigia simu baada ya ile picha kutokea gazetini, akajisifu, akasema, "Mama, njoo siku moja uone mabenchi ya mwanao."

Mama alikuwa amekuja bila taarifa, kumfurahisha.

Maneno ya nje hayakuwa yanasikika ndani vizuri, lakini mlango ulikuwa wazi kidogo, na sauti ya mama yake haikuwahi kuwa ndogo.

"Mzazi mwenzangu! Hujambo? Tumekuona gazetini!"

"Sijambo, mzazi mwenzangu. Umechoka?"

"Miguu haipo! Ndilo hili benchi lenyewe?"

"Ndilo. La binti yako."

"Dada," aliita mwalimu kwenye kiti, "dada, inaanza kuniwasha."

Msusi hakumsikia. Aliruka mpaka kwenye kioo. Angetoka mlangoni angefika. Lakini kutoka angesema nini? Kwamba benchi lina nini? Limepakwa na nani, kwa ajili ya nani? Mtaa ulishaamka. Mfamasia alikuwa amesimama mlangoni kwake na kikombe cha chai. Mwenyekiti alikuwa anavuka barabara.

Alisimama hapo akipiga hesabu ya aibu yake, na mama yake akashusha begi.

"Dada, inachoma! Dada!"

Ndipo msusi akapiga kioo kwa mikono yote miwili. Glavu ziliacha michirizi mikubwa ya dawa nyeupe, ikawa anamwona mama yake katikati ya michirizi. Akapiga tena. Akapiga mpaka fremu ikatetemeka. "Mama!" alipiga kelele. "Mama!"

Mama yake akageuka. Akamwona mwanawe kwenye kioo, anarukaruka kama mtoto kwa furaha ya kumwona. Uso wote ukamchanua. Akampungia mkono.

Mzee Teksi naye aligeuka. Akamtazama mkwe wake, akaitazama michirizi, akalitazama benchi. Kisha akamshika mama yule kiwiko, kwa heshima zote, kumsaidia.

"Karibu ukae," alisema.

Mama akakusanya gauni lake vizuri lisijikunje, akakaa.

Mzee yeye alibaki amesimama.